Fahmo na Beberu wa Harambee

Fahmo ni dada mshonaji wa Kiwanjani. Mguu wake wa kushoto aliuacha barabara ya Merti siku lori la mbuzi lilipopinduka, na badala ya kukaa kitako aonewe huruma, akaanza kukwea kuta. Hujifunzia kwenye gorofa ambayo Wambugu wa duka la hadiwea hajaimaliza, na tukisema kweli hataimaliza. Mashindano ya Nairobi alijilipia kwa cherehani yake. Sasa alikuwa ameitwa Ulaya kushindana na wakweaji wenzake wenye ulemavu, na cherehani haina ubavu wa kununua tiketi ya ndege. Mwaka uliotangulia aliitwa vilevile, akabaki akishona sare za shule huku analia. Ndiyo maana tukamwitia harambee ya kumchangia tiketi, palepale chini ya gorofa.

Mgeni wa heshima, mwakilishi wetu wa wadi, alitaka kwanza kujua huko juu ya ukuta kuna nini. Fahmo akamweleza kwamba hakuna kitu; unafika, unashuka. Mheshimiwa akauliza kwa nini basi asipande Mlima Kenya, ambao uko karibu na hauhitaji ndege. Swali la kijinga kabisa, lakini wazee walitikisa vichwa kukubali, na nikaona tiketi inaota mabawa bila Fahmo.

Tulikuwa tumeleta beberu wa kunadiwa. Boru, dalali wa soko la mifugo, hata hajataja bei, beberu akakata kamba, akapanda ngazi ya mbao hadi juu ya gorofa, na ngazi ikaanguka nyuma yake ikavunjika. Wanaume wazima wakaanza kutumana nani amfuate.

Fahmo akavua mguu wa bandia, akamkabidhi mheshimiwa aushike, akaanza kukwea kwa vidole na mguu mmoja. Sisi tulitazama tu. Mheshimiwa hakuweza. Kila Fahmo alipoachia mkono, yeye aliinua ule mguu juu akimsihi awe mwangalifu. Na Boru, maisha yake yote sokoni, anajua jambo moja tu: anayeinua kitu amepandisha bei, naye akawa anaitaja kwa sauti. Fahmo alipofika juu, mheshimiwa alikuwa ameshindana na nafsi yake na kuishinda. Akainua mguu kulalamika. Bei ikapanda tena.

“Mheshimiwa,” Wambugu akamnong'oneza, “weka mguu chini.”

Akauweka. Boru akapiga makofi, beberu akauzwa. Mbele ya wapiga kura wote wale mheshimiwa angekataaje? Akalipa, na tiketi ikapatikana. Huko juu Fahmo alimkumbatia beberu akalia, safari hii kwa furaha, nasi tukalia naye.

Fahmo aliposhuka, mheshimiwa alimrudishia mguu kwa mikono miwili.

“Na huko Ulaya, juu hakuna kitu?”

“Hakuna, mheshimiwa.”

“Hata mbuzi?”

“Hata mbuzi.”

Mheshimiwa akafuta jasho. “Basi enda, dada. Lakini huko tafuta mtu mwingine wa kushika mguu.”