Uongo wa Kaka kwenye Chumba cha Presha

Kwa miaka kumi na tisa nesi mmoja alipima watu presha kwenye chumba kimoja, kwenye meza iliyowekewa kipande cha kadibodi chini ya mguu isiyumbe. Ukutani palining'inia jedwali la rangi la kukadiria hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi, kutoka kijani hadi nyekundu, upande mmoja wa wavuta sigara, mwingine wa wasiovuta.

"Presha peke yake ni nusu ya habari," aliwaambia wagonjwa. "Nipe umri, sukari, mafuta ya damu, na kama unavuta sigara. Hapo ndipo tutajua moyo wako uko hatarini kiasi gani."

Siku moja akaja kaka yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea na kumsomesha baada ya baba yao kufariki. Daktari kijana alikuwepo. Presha ilisoma mia moja arobaini na nane.

"Unavuta sigara, mzee?" daktari aliuliza.

"Sivuti."

Tumbaku ilinuka shatini. Nesi alijua vizuri. Utotoni yeye ndiye aliyetumwa dukani kumnunulia. Lakini aliyekuvisha viatu vya shule utamuumbuaje mbele ya mgeni? Akafyata ulimi. Kidole cha daktari kikatua kwenye njano ya jedwali, upande wa wasiovuta. Upande wa wavutaji, kwa umri uleule na presha ileile, palikuwa pekundu.

"Punguza chumvi, tembea. Tuonane baada ya miezi sita."

Mlangoni nesi akanong'ona, "Kaka, mbona umemdanganya?"

"Wewe nawe! Nitubu dhambi zangu kwa kitoto kile?" Akacheka. "Kesho naacha."

Nesi alikusudia kurekebisha faili jioni. Foleni ikamzidi. Kesho yake akaona haya kueleza kwa nini jana alinyamaza, na haya ikizoeleka hugeuka usahaulifu.

Mwezi wa nne tangu siku ile, kaka aliangukia cherehani, suruali ya mteja ikiwa bado kwenye sindano. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ikapooza, maneno yakapotea.

Wodini, mke wa kaka alimshika nesi kiwiko. "Wifi, si ulikuwepo alipopimwa? Hukuona kitu?"

"Niliona."

"Ukasemaje?"

Angeweza kumtupia lawama daktari. Angeweza hata kumlaumu mgonjwa mwenyewe, asiyeweza tena kubisha. "Sikusema," akajibu.

Wifi yake akamwachia kiwiko, akachukua beseni na kuingia kumwogesha mumewe.

Mpaka leo nesi huenda kuwajulia hali kila Jumapili. Wifi humwekea kiti nje, barazani, na kufunga mlango.