Nilipima Maji ya Punda

Mkasa huu nimemficha hata dada yangu, lakini aibu ukikaa nayo peke yako inahamia kabisa, kwa hivyo acheni niuseme tu.

Kazi yangu ni kupima maji. Nilitoka Nakuru nikaletwa mji wa Wote, huko Ukambani, na kwa miezi minne hakuna aliyeniita kwa jina isipokuwa mama anayeniuzia chai (naye aliniita Peter, na mimi ni Patrick). Kikamba sikijui, nikijaribu watu wanacheka, basi nikajifunza kunyamaza, na jioni nilikuwa nawasha redio ili nyumbani kuwe na mtu anayeongea.

Asubuhi moja nikatumwa kupima bwawa moja huko ndani vijijini. Nilipofika niliwaona akina mama wameketi ng'ambo ya bwawa na mitungi yao, mmoja akanipungia mkono. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilijua nikienda nitaulizwa natoka wapi, nimeoa wapi, na yote kwa Kikamba, kwa hivyo nikatoa simu (mtandao wenyewe haukuwepo), nikaikazia macho kama mtu mwenye shughuli nyingi, nikachota sampuli pale pale miguuni mwangu, nikaitia kwenye kasha la barafu, huyo nikaenda zangu.

Maabara ikasema maji yamejaa vijidudu vya kinyesi. Nikaandika ripoti, naibu wa chifu akakataza mtu yeyote kuchota maji pale, na kwa wiki tatu wale akina mama wakawa wanakwenda mtoni, nyuma ya kilima, nusu siku kwenda na kurudi.

Kisha nikaitwa barazani nieleze. Nilivaa tai. Nilieleza vizuri mpaka nikajipenda, ndipo akasimama bibi mmoja ambaye wote walimwita Susu, yaani nyanya.

"Hiyo maji ulichota wapi?"

"Upande wa barabara, Susu, karibu na yale mawe."

"Hapo ni ya punda. Sisi tunachimba kisima kwa mchanga, ile side tulikuwa tumekaa. Hakuna mtu anakunywa hiyo yako."

Watu walicheka hadi naibu wa chifu akajifunika uso kwa kofia, nami nikacheka nao nikidhani yataishia hapo. Susu hakucheka.

"Ni mimi nilikupungia mkono. Nilitaka kukuonyesha kisima. Ukaangalia simu."

Nikainamisha kichwa, nikaona malapa yake yamefungwa kwa waya na miguu imejaa vumbi hadi magotini, na nilitamani watu waanze kucheka tena.

Kesho yake nilipima kisima chenyewe, na maji yake yakatoka safi. Nilirudi kuwaambia wachote, wakachota. Hakuna aliyenisuta, wala hakuna aliyenisemesha, na hilo liliniuma kuliko kile kicheko.

Tangu hapo nimeapa sitagusa maji ya watu kabla sijawasalimia wenyewe, hata kwa Kikamba changu cha kuokoteza. Kila nikipita lile bwawa nasimama napunga mkono mimi kwanza. Bado hawajanijibu. Ila wiki jana Susu aliweka mtungi chini akanitazama kitambo, na nilibaki pale na mkono juu mpaka akaubeba mtungi wake tena.