Rangi Nyekundu Kwenye Mwamba wa Pweza

"Mtoto wa mkata mkonge wa Maramba, bahari ataijulia wapi?" walisema majirani wa Chumbageni niliporudi na stashahada yangu ya viumbe wa baharini na kazi ya kuichunguza miamba ya pwani. Fundi baiskeli wa mtaani aliapa: "Huyu hamalizi hata mwamba mmoja."

Nimeimaliza yote, kuanzia Pangani hadi kaskazini ya mji wa Tanga. Kuogelea nilijifunza ukubwani, peke yangu. Kazi yangu ilikuwa kuwatambua na kuwachorea ramani wanyama laini wanaong'ang'ania mwamba na kurusha maji ukiwaminya. Wako wanaokaa mmoja mmoja kama vibuyu vidogo, na wako wanaoungana wakawa utando. Wa mwanzo niliwatia kwenye spiriti kwa haraka. Kesho yake wote walikuwa weupe kama nyama ya kuchemsha, aina hazitambulikani. Nikazama upya, nikiandika rangi kule kule chini. Hilo sikufundishwa na mtu.

Vyombo niliazima. Mvuvi mmoja alinipa mtumbwi na kamba. Miwani ya kuzamia nilipewa na mama mmoja mvuvi wa pweza. Ilikuwa ya mwanawe, aliyekuwa akivulia baruti mpaka siku moja ikamlipukia mkononi, akafa.

"Sitaki malipo," aliniambia yule mama. "Niangalizie pale alipopaharibu kama panapona. Kijiji kimeufunga mwamba, hatuvui. Wajukuu wanakula mihogo mitupu, tunangoja."

Mwamba ule niliuzamia kuliko wowote, nikitafuta pa kupaka kijani, rangi ya palipo hai, kwenye ramani. Sikupaona. Vifusi vya matumbawe vilikuwa vimefunikwa na utando wa kijivu, wanyama wangu hao hao, umeziba kila tundu ambalo pweza angeingia.

Siku ya kurudisha vitu nilianza na mtumbwi na kamba. Kwa yule mama nilifika mwisho. Nikamwamkia, nikamkabidhi miwani, nikakunjua ramani sakafuni.

"Kwetu wapi?"

"Hapa, mama."

"Mbona pamekuwa pekundu?"

"Pamekufa. Hata mkizidi kupafunga, sioni pa kupona karibuni."

Aliifuta miwani kwa pindo la kanga, ingawa ilikuwa safi.

"Basi mwanangu alimaliza kabisa," alisema. Kisha akasogeza sahani. "Kaa ule, baba. Mihogo ipo."

Nilikula. Ramani yangu haina kosa hata moja, na Tanga nzima hakuna tena anayenidai.