Siku Baba Aliyokatazwa Kufungua Mdomo Mbele ya Morin

Baba yangu alikaa robo saa nzima bila kusema neno. Kwa wanaomjua hapa Winnipeg, Kanada, hiyo ni habari ya kuitia majirani.

Nilimkataza mimi.

Tulikuwa nje ya hoteli wanakofikia wachezaji wageni, baridi inakata masikio, tunamvizia mtu mmoja tu: Gaétan Morin.

Iko hivi. Baba, Orest, ana jezi ya timu yetu ya hoki ya barafu, ya msimu ule tuliokosa kombe kidogo tu. Wachezaji wote wa msimu ule wameisaini, mmoja mmoja, baba mwenyewe akiwavizia milangoni. Wote isipokuwa Morin.

Mchawi ni mdomo wa baba. Morin alikuwa beki, mzito kwenye barafu. Baba alikuwa na kiti nyuma ya goli letu, na kila mechi alimpigia kelele ileile: "Morin! Hata mama yangu anakushinda mbio!"

Mama mwenyewe, bibi yangu Stefka, hajawahi kuvaa viatu vya kuteleza maishani mwake.

Uwanja mzima ukaijua. Ikafika mahali watu wanaiitikia kama kibwagizo.

Sasa mtu uliyemtukana hivyo, unamwendea vipi umwombe saini? Baba aliona haya. Halafu Morin akauzwa timu nyingine, na baba akakosa raha, akaona kama ni yeye aliyemfukuza.

Miaka ikaenda. Morin sasa ni kocha msaidizi, na timu yake ilikuwa mjini. Baba ana sabini na kitu. Aliniambia hataki kufa aiache ile jezi na pengo.

Nikamwambia sawa, twende, ila anayeongea ni mimi. Sauti yako Morin anaijua hata usingizini.

Kazi ya baba ikawa moja: kutunza makapeni ya kusainia kwapani. Kwenye baridi ile wino unaganda.

Morin akatoka. Kichwa cheupe kwa mvi, anachechemea kidogo. Nikamsalimu kwa adabu zote, nikatandaza jezi.

Akatabasamu. "Umenirudisha mbali sana, dada."

Baba kanywea nyuma yangu, skafu mpaka puani. Akapitisha makapeni chinichini. Morin akaandika herufi moja, wino ukakata. Akainua mkono aitikise.

Jamani, makapeni iliyoganda haitikiswi. Inatema madoa, jezi kwisha. Mwindaji yeyote wa saini analijua hilo, na baba akajisahau.

"We, usitikise! Ipashe kwanza!"

Morin akashusha mkono taratibu. Mimi moyoni nikasema basi, tumekwisha.

"Rudia," akasema.

"Nimesema... uipashe kwanza," baba akajibu, sauti imepungua nusu.

"Siyo hiyo. Ile nyingine."

Baba akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani za wageni. Akashusha skafu. "Hata mama yangu anakushinda mbio."

Morin akacheka mpaka akashika goti. Alipopata pumzi akauliza, "Hajambo lakini?"

"Nani?"

"Mama Stefka. Bado anapika pirogi?"

Ikabidi atusimulie. Kumbe kila baada ya mechi za nyumbani, bibi alikuwa anamsubiri mlango wa nyuma wa uwanja na bakuli la pirogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, limefungwa taulo zisipoe. Alikuwa anamwombea mwanawe radhi: mdomo mbaya, moyo hauna neno.

"Bakuli zima kila mechi," Morin akasema. "Unafikiri uzito ule niliutoa wapi?"

Akaipumulia makapeni mpaka ikakubali, akasaini. Chini akaongeza: *Kwa Orest. Mama bado ananishinda.*

Kisha akiwa anapanda basi akageuka. "Ila saini yangu kwenu ipo siku nyingi. Kamuulize mama."

Tukaendesha moja kwa moja hadi kwa bibi. Tulipomuuliza kuhusu saini, hakuacha hata jiko lake. Alinyoosha mwiko kuelekea aproni inayoning'inia nyuma ya mlango.

Kwenye mfuko wa aproni, wino uliofifia: *G. Morin*.

Aproni ile baba amekula akitazamana nayo kila Jumapili, miaka yote. Hata amewahi kumshauri bibi ailoweke, lile doa litoke.

"Mama, mbona hukuniambia?" Baba alikaribia kulia.

"Ningekuambia saa ngapi?" bibi akasema. "Ulikuwa unapiga kelele."

Akampakulia. Baba akala, na kwa mara ya pili siku hiyo hakusema neno, safari hii bila kukatazwa na mtu.

Mnaonisoma, kuzomea ni haki yenu, mmelipa kiingilio. Ila kabla hujafungua mdomo, chungulia kwanza jikoni kwenu ujue nani anamlisha huyo unayemzomea.