Beringi za Mbele

Mume wangu alipopata kiharusi, upande wake wa kulia ulilala na maneno yakampotea. Neno la kwanza kumrudia lilikuwa "ooyo", yaani hapana kwa Kijaluo, na alilitumia kwa kila kitu: uji, blanketi, hata wageni waliokuja kumwombea huku wakimtazama kama maiti. Jamaa zake walisikitika kwamba amebaki na neno moja tu. Mimi nilifurahi kwamba lililobaki ni hilo.

Kabla ya kuugua alikuwa dereva. Gari lake lilikuwa kuukuu tangu siku alipolinunua, na kwa gari hilo alibeba samaki, magunia ya mahindi, maharusi na majeneza. Alipokuwa akilitengeneza nyumbani, mimi ndiye niliyempa spana. Kuendesha nilijifunza kwetu Migori kabla ya kuolewa, kwa pikapu ya kaka yangu iliyokuwa ikibeba tumbaku. Huku kwa mume wangu, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, wananiita nyar Migori, binti wa Migori. Siku wakiniridhia wanalitamka kwa upole, siku nyingine wanalitema.

Nilishika usukani kwa sababu alihitaji kupelekwa hospitali kufanya mazoezi ya mkono na mguu. Watu walisimama kando ya barabara kututazama, mke akiendesha na mume amekaa kushoto kwake. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja kuniambia kwamba si picha nzuri.

"Watu wanasema ulikuwa unangoja augue," alisema.

"Waache waseme. Kesho tuna kliniki."

Siku moja tukirudi kutoka huko, gurudumu la mbele upande wa kushoto likaanza kuvuma. Mwanzoni nilidhani ni lami mbovu. Lakini kila nilipokata kona ya kulia, mvumo ulipanda ukawa kama jiwe la kusagia wimbi. Mume wangu aliweka kiganja cha mkono wake mzima kwenye mlango, akafumba macho.

"Be," alisema. "Be..."

"Beringi?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Fundi wa mjini alipiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Lilicheza kama jino bovu. La upande wa pili nalo lilicheza, ingawa kidogo. "Mama, beringi zimeisha huku na huku," alisema. "Na nikifungua nitakuta mengine. Hii gari uza tu."

Sijui nani alimfikishia shemeji habari, lakini jioni alikuwa kwangu. Alisema amepata mnunuzi, mtu wa Ntimaru anayenunua magari ya zamani, na kwamba atamleta Jumapili, kwa kuwa Jumamosi yeye mwenyewe hushinda kanisani. Alizungumza nami mlangoni. Mume wangu alikuwa sebuleni, hatua chache tu kutoka hapo.

"Umemuuliza mwenye gari?" nilisema.

"Nyar Migori, huyu atajibu nini?"

Alipoondoka, mume wangu alikuwa amegeuza uso ukutani. Nilimuuliza kama anataka gari liuzwe. Akasema ooyo. Nikamuuliza kama tunaweza kulitengeneza sisi wawili, yeye aketi, mimi nifanye. Hapo hakusema ooyo. Aliangalia mkono wake wa kulia uliolala mapajani, halafu akaangalia wangu.

Kesho yake nilifungua gurudumu la kushoto, nikatoa beringi zake mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Zilikuwa zimebadilika rangi kwa joto, na vyuma vyake vilikuwa na mabaka. Niliziviringisha kwenye gazeti nikazipeleka Migori, maana kwenye maduka ya mjini kwetu sikuwa nimepata za kulingana nazo. Muuza vipuri alizipima dhidi ya mpya, akanitolea za magurudumu yote mawili pamoja na sili, mipira ya kuzuia grisi isivuje.

"Fundi wako yuko wapi?" aliuliza. "Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Yuko nyumbani. Amekaa kwenye kiti."

Akacheka akidhani ni mzaha.

Jumapili hatukwenda misa. Nilimtoa mume wangu uani, nikaweka kiti chake karibu na gurudumu. Hab, ile sehemu inayobeba beringi, niliiosha kwa mafuta ya taa hadi ikang'aa. Ndani yake kuna pete za chuma ambazo beringi huzungukia, nazo lazima zibadilishwe. Za zamani zilikataa kutoka. Nilizigonga kwa nyundo na kipande cha chuma, nikagonga hadi bega likawaka moto, huku jirani akichungulia juu ya ua na kuuliza kama nahitaji mwanamume.

"Ninaye," nilimwambia.

Zilipotoka na mpya kuingia, tukafika kwenye grisi. Hapa ndipo nilipohitaji mkono wake. Nilimjazia grisi kwenye kiganja cha kushoto, naye akakikaza kama bakuli. Mimi nikashika beringi na kuikandamiza ukingo wake ndani ya kiganja, tena na tena, nikiizungusha, hadi grisi ikachomoza upande wa juu katikati ya vyuma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kwamba mkono wake ulikuwa unafanya kazi ambayo mimi singeifanya peke yangu kwa wepesi ule. Aliona kwamba nimeona. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Shemeji alifika na mnunuzi tukiwa hivyo, tumepakwa grisi hadi viwiko.

"Hii ni nini?" alisema.

"Ni gari ya ndugu yako."

Alimgeukia mgeni na kuanza kumweleza kwamba mdogo wake haongei tena, kwamba nyumba imekosa mtu wa kuamua. Mgeni alikuwa mtu wa makamo mwenye adabu. Alimpita shemeji, akachuchumaa mbele ya kiti, akamsalimu mume wangu kwa Kiswahili, kwa sababu Kijaluo hakukijua.

"Mzee, nimeambiwa unauza. Ni kweli?"

Kiswahili kilikuwa kigumu kwa mume wangu kuliko Kijaluo. Mdomo wake ulihangaika. Shemeji alitaka kumsaidia, nikamwinulia kiganja chenye grisi anyamaze. Mimi mwenyewe nililijua neno lile, lakini nilibana meno. Tukangoja. Jasho lilimtoka.

"Gari," alisema. Kisha akajaribu tena. "Hai... haiuzwi."

"Nimesikia, mzee," mgeni alisema, akasimama, akatuaga wote.

Shemeji alibaki nyuma kidogo. "Mtakufa barabarani nyinyi wawili."

"Tukifa utakuja kuchimba," nilimwambia. "Sasa hivi umenizibia mwanga."

Tulirudisha hab mahali pake. Nilikaza nati kwa nguvu zangu zote, maana nilikuwa na hasira. Mume wangu alinyoosha mkono, akazungusha hab, ikaenda kwa uzito.

"Legeza," alisema.

Nililegeza kidogo. Akazungusha tena. "Legeza." Nililegeza hadi ikazunguka laini bila kucheza, ndipo nikapitisha pini. Upande wa kulia tulimaliza alasiri, kwa mtindo uleule.

Tuliendesha hadi Asumbi na kurudi, kusikiliza tu. Njiani nilisimamisha gari, nikamshusha, akagusa hab kwa kiganja kuona kama imechemka. Ilikuwa vuguvugu tu.

Mkono wake wa kulia bado haujarudi, na pengine hautarudi. Maneno yanakuja, kwa mwendo wao. Miezi michache baadaye kulikuwa na mazishi Magunga, na shemeji hakuwa na usafiri. Alikuja uani asubuhi amevaa koti, akasimama karibu na mlango wa mbele wa kushoto, mahali pa mume wangu.

"Wewe utakaa nyuma," nilimwambia.

Aliingia nyuma, akapangwa katikati ya shangazi wawili. Tulipofika alimshukuru ndugu yake. Mimi hakunishukuru, nami sikungoja. Nilikuwa natafuta pa kuegesha.