Madirisha Tuliyoyaziba

Mwanangu, kuna Jumapili moja isiyonitoka kichwani, na leo uliponikunjulia ramani ya fleti unazotaka kujenga kwenye ploti yetu hapa Kangemi, imenirudia yote. Nimeangalia upande wa nyuma, ule unaotazama kichochoro. Umechora ukuta mtupu. Kaa kwanza, chai haijapoa.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu katika ploti hii, wakati huo ikiwa safu ya vyumba vya kupanga. Kila chumba kilikuwa na dirisha dogo la nyuma, na vijana wa kichochoroni walikuwa wakipitisha fimbo yenye ndoano na kuopoa nguo zetu vitandani. Tukachoka. Ploti moja ikaziba madirisha kwa mawe, jirani akaiga, mwishowe kichochoro kizima kikawa kuta mbili za chokaa zinazotazamana bila jicho hata moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia kwamba kuna matundu yasiyofaa kuzibwa.

Nguo zilisalimika, ila kichochoro kilibadilika. Ukiingia humo hata saa saba mchana, kelele za barabarani zilikatika ghafla, ukabaki kusikia nyayo zako zikikufuata. Watu wakaanza kuporwa humo, kisha kupigwa. Na waporaji hawakutoka mbali. Kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa watoto wetu, tuliowapa uji asubuhi.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, nilisikia ukuta wa chumba changu ukigongwa palipokuwa dirisha.

"Mathe, nifungulie."

Nilimtambua Musa, mwana wa fundi cherehani jirani yetu, aliyezoea kuniita mathe, yaani mama. Niliganda na sufuria mkononi. Ningefungua nini? Tulipokusanyika na kuzunguka hadi nyuma, tulikuta kiatu chake kimoja na kimya.

Musa alipatikana jioni kando ya mto, mbavu zimevunjika, lakini yu hai. Wenzake walimtaka awe akiwatazamia njia wakipora, naye akakataa.

Kesho yake mama mkwe wangu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alinishika mkono akaniingiza kichochoroni. Kwenye chokaa, palipokuwa dirisha langu na kando yake, palikuwa na alama za viganja vya udongo mwekundu. Na kwa jirani vilevile. Na kwa yule anayefuata. Kila dirisha lililozibwa lilikuwa na viganja vyake, vingine vipana, vingine vidogo vya mtoto wa shule. Sioni haya kusema niliogopa.

Tulipomuuliza Musa, alijiinua kitandani akishika mbavu.

"Mimi niligonga kwenu tu," akasema. "Hizo mikono zingine si zangu."

Majirani wakataka mchungaji aletwe akemee pepo. Mama mkwe akawakatiza. "Pepo gani? Nyinyi ndio mlitoa nyumba macho, sasa mnaogopa giza yenu wenyewe. Leteni nyundo."

Tukabomoa. Madirisha yakarudi, safari hii yakiwa na vyuma na wavu wa kuzuia ile ndoano. Babake Musa akahamishia cherehani yake mdomoni mwa kichochoro, tukaweka benchi na taa. Vijana walipokosa pa kujificha, baadhi walihama, baadhi wakaja kukaa kwenye benchi kwa aibu aibu. Mmoja wao akafungua kibanda cha kinyozi pale kona, na ndiye anayekunyoa wewe hadi leo, ukimsifu kwamba ana mkono mwepesi. Vile viganja vilivyosalia kando ya madirisha tulivipaka chokaa. Mvua ikinyesha sana hutokea tena. Usiniulize kwa nini, maana sijui.

Basi sikia. Kijana huharibikia pale anapojua hakuna anayemwona. Chora madirisha upande ule, uweke jikoni huko, ili mama akikaanga vitunguu amwone mtoto wa mwenzake akipita, na mtoto ajue ameonwa. Acha kibaraza cha kukaa na nafasi ya vibanda vya kazi. Usimpe kijana mgongo wa nyumba yako halafu ushangae akikugeuka. Kamera weka ukitaka, lakini kamera haiwezi kumfungulia mtu mlango.

Mungu akupe mkono mtulivu na jicho la huruma. Nyumba zako zijae watoto. Na siku utakapogonga wewe, mwanangu, ukute dirisha, na nyuma yake mtu anayekujua jina.