Besi ya Baba, Besi ya Mjomba

Harufu ya maganda ya kahawa yanayochachuka, ikichanganyika na ile ya betri za redio zilizoanikwa juani, mpaka leo hunifanya nikunje ngumi. Wenzangu kahawa huwakumbusha bibi zao na upole wa kijijini. Mimi hunikumbusha meno. Kwetu, milimani Mbinga, betri zilizochoka tulizianika kwenye mkeka uleule wa kahawa ili zipate joto, ziimbe tena jioni moja au mbili, na ni kwenye mkeka huo yalikoangukia meno ya mjomba wangu. Nilitumwa kuyaokota. Kahawa iliyomenywa ni nyeupe, na mjomba hakuvuta sigara, kwa hiyo kazi haikuwa ndogo.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nikisema baba na mjomba waliumizana kwa ajili ya wapiga gitaa la besi wa Ulaya ambao hawakuwahi hata kuwaona, watu hunicheka.

Baba alikuwa Mmatengo, mkulima wa kahawa. Mjomba Asheri, kaka yake mama, alikuwa Mnyasa wa Ngumbo, kule chini ziwani. Kabla hawajawa mashemeji walikuwa marafiki, wamelala bweni moja shuleni upande wa Kigonsera, na huko walifundishwa na Mzungu mmoja aliyependa muziki wa ajabu. Siku ya kurudi kwao Ulaya alimwachia kila mmoja kanda aliyoirekodi kwa mkono wake, haina jina, haina picha. Ilikuwa roki, lakini si ile ya kurukaruka. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa kanda. Ulianza kama misa, ukageuka ngurumo, ukanyamaza mpaka ukadhani betri zimekufa, kisha ukarudi unachechemea. Ukijaribu kuuhesabu, hesabu ilifika saba pale ulipotegemea nne, na mguu uliotaka kucheza ukabaki hewani.

Katika kanda zote mbili, aliyeimba ndiye aliyepiga besi. Mwalimu aliwaambia hivyo, na hilo ndilo lililowatia wazimu. Wote wawili walikuwa wapiga besi wa kwaya, baba kwa Wakatoliki huku juu, mjomba kwa Waanglikana kule ziwani, na walijua uzito wa kazi yenyewe: vidole vinashika njia yao, mdomo unashika nyingine, na mtu ni yuleyule mmoja. Baba alitaka sisi watoto tuujue ugumu huo. Alituamuru tutwange mahindi kwa hesabu ya saba huku tukiimba wimbo wa kanisani wa hesabu ya nne. Mimi nilijiponda kidole cha mguu. Nikalia, na kwa kulia nikachapwa, maana nyumba yetu haikuwa ya kubembelezana. Baba alitupiga, mama alitupiga, sisi tulipigana wenyewe kwa wenyewe, na mbwa alipata iliyobaki.

Sasa, mwimbaji wa kanda ya baba alikuwa na sauti nene, na besi yake ilitembea polepole kama mtu aliyetwishwa gunia. Wa mjomba alikuwa na sauti nyembamba ya juu, na besi yake ilikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Kila mwaka, kahawa ilipoanza kuvunwa, mjomba alipanda kwetu na kikapu cha usipa wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, na kanda yake mfukoni. Shikamoo zilikuwa hazijaisha vizuri kabla ya ubishi kuanza. Baba alisema mwimbaji anayestahili jina hilo hakimbii, humsubiri msikilizaji. Mjomba alisema huko si kusubiri, ni kusinzia. Walizibadilisha kanda, wakazirudisha nyuma kwa kuzizungusha na kalamu ili wasile betri, wakasikiliza kipande kilekile mpaka sisi tukazijua kelele zote kwa moyo. Mama alisema, "Fahali wawili," akaenda zake jikoni bila kumalizia methali.

Jumapili ninayoisimulia, mjomba alikuwa amekaa ukingoni mwa mkeka wa kahawa. Wimbo wa baba ulikuwa umefika pale penye sauti nene kuliko zote, na baba alikuwa amefumba macho.

"Shemeji," mjomba akasema, "huyu wako analia kama ng'ombe aliyetumbukia kwenye ngoro."

Ngoro ni yale mashimo ya kilimo chetu, yaliyopangwa mlimani toka enzi za mababu. Ukimtania Mmatengo kwa ngoro umemgusa yeye, baba yake na kaburi la babu yake. Baba akafumbua macho. Angeweza kujibu neno lolote. Alichagua lile baya kuliko yote.

"Na wako analia kama mdogo wenu siku ile ziwani."

Mdogo wao, wa mjomba na mama, alizama mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Hakuonekana tena. Nilimwona mama mlangoni na ungo mikononi, na uso wake ulikuwa umekufa ganzi.

Mjomba aliinuka. Aliukamata mkono wa kushoto wa baba, ule wa kubana nyuzi, akashika kidole kimoja na kukivunja kwa kukipinda nyuma. Nilisikia mlio wake. Baba akanyanyua kigoda kwa mkono wa kulia, akampiga nacho mdomoni, na mjomba akaanguka katikati ya kahawa. Wakabiringishana pale mkekani, betri zikaruka huku na huku, damu ikaingia kwenye mavuno ya msimu mzima, na redio ikaendelea kuimba. Majirani walipowaachanisha, mjomba alitema mate mekundu, akamgeukia mama.

"Dada, funga mzigo. Ziwa lilimuua mdogo wetu mara ya kwanza, na hapa umeolewa na muuaji wa pili."

Mama hakufunga mzigo. Aliniambia tu niokote meno, kisha akaanza kuosha kahawa. Usiku ule nililala nimeshika kitenge chake kwa ngumi zote mbili, kwa sababu nilijua jambo moja tu: akiondoka kwenda Ngumbo, mimi ni mtoto wa Kimatengo, nitabaki.

Shauri likapelekwa kwenye sengu, yaani baraza letu, ambako wanaume wa ukoo hula pamoja na kuamua magomvi. Kila nyumba hupeleka chakula, na mimi nilipeleka ugali wetu na kubaki nimejibanza ukutani. Baba alikaa upande mmoja, kidole kimefungwa kwa kijiti. Mjomba alikaa upande wa pili, mdomo umevimba. Aliyeongoza alikuwa Babu Mkubwa, baba mdogo wa babu yangu, mzee mwenye hasira za karibu aliyesifika kwa kuwahi kung'ata sikio la mtu mnadani. Alisikiliza pande zote mbili, akatafuna, akameza.

"Hatuwezi kuhukumu wimbo tusioujua," akasema. "Leteni hiyo redio."

Ikaletwa. Wazee wa Kimatengo, wenye matope ya shambani miguuni, wakasikiliza upande mzima wa kanda ya baba. Kisha upande mzima wa kanda ya mjomba. Jirani yangu pale ukutani alikuwa kuku, na hata yeye alitulia. Nilidhani shauri limekwisha kwa amani.

"Huyu wa pili ana pumzi," mzee mmoja akasema.

"Pumzi gani? Huyo ni mtoto mwenye homa," akasema mwingine.

"Mtoto ni wewe."

Mimi nimeona magomvi mengi, lakini sijaona tena baraza la upatanisho likipigana lenyewe. Lilianza kwa tonge lililorushwa, likafuata bakuli la maharage, na kufumba na kufumbua wazee waliokuwa wameketi kuamua walikuwa wameshikana mashati. Fimbo zikafanya kazi. Babu Mkubwa alimpiga mkwe wake mwenyewe kwa kisa ambacho nadhani kilikuwa na miaka mingi na hakikuhusu muziki hata kidogo. Katikati ya vumbi nikamwona baba amemkaba mjomba, na mjomba, meno hana, akijaribu kumng'ata.

Ndipo mama alipoingia na mchi. Mwanamke haingii kwenye sengu hivyo. Aliwapita wote, akafika penye redio, ambayo baba alikuwa ameirudishia kanda yake, akainua mchi juu ya kichwa na kushusha. Akashusha tena. Alitwanga redio ile kama anavyotwanga mahindi, bila haraka, mpaka ikawa vipande vya plastiki na utepe mweusi uliojiviringisha kama utumbo. Wanaume wakaachiana mmoja mmoja.

"Mdogo wangu sikupata hata mwili wa kumzika," akasema. Alikuwa akihema. "Kaka, siendi kokote, wanangu wako hapa. Na wewe, baba watoto, ukimtaja tena marehemu, huu mchi hautatafuta redio." Akawatazama wote, na macho yake yalipofika kwangu nilijikojolea kidogo, kwa hofu na kwa furaha pamoja. "Haya. Nani anaimba sasa?"

Akauweka mchi begani, akanishika mkono, tukaenda nyumbani.

Ule utepe wa baba tuliufunga kwenye fito shambani kutishia ndege, na ndege hawakuogopa. Kanda ya mjomba, iliyokuwa mfukoni mwake, ilidumu miaka michache kisha ikaliwa na unyevu wa ziwani. Mnadhani ugomvi uliisha? Mjomba aliendelea kupanda kila msimu na kikapu chake cha usipa. Sasa kanda hazikuwepo, kila mmoja alimwimba wake kwa mdomo. Baba, kidole kimepinda, alipiga besi kwenye meza na kumshusha mwimbaji wake chini, chini zaidi kila mwaka, mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Mjomba alimpandisha wake juu, hewa ikimponyoka kwenye mapengo. Mara moja walipigana kwa kuni. Mara nyingine waliporomoka pamoja kwenye ngoro na kutoka wamejaa matope, hawasemi na mtu. Mama sasa alibaki na methali moja tu kwa ajili yao: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Naye alilichukua kweli, akaenda kulima.

Baba alifariki mwaka huu, kahawa ikiwa bado mbichi mitini. Wiki chache kabla ya hapo kijana wangu alikuwa ananichezea nyimbo za zamani za Ulaya kwenye simu, mara nikasikia hesabu ya saba. Mwili wangu uliitambua kabla ya akili. Ulikuwa wimbo wa baba, ila sauti haikuwa nene vile. Akachezesha mwingine wa bendi ileile, na huo ulikuwa wa mjomba, ila haukuwa mwembamba vile. Mwimbaji ni yuleyule. Mpiga besi mmoja. Nilimfuata fundi redio mjini Mbinga, akacheka sana. Kanda ikirekodiwa kwa mashine yenye betri zilizochoka, aliniambia, ukija kuicheza vizuri sauti hutoka nyembamba na ya haraka. Ikirekodiwa kwa mashine inayokimbia, hutoka nene na nzito. Mwalimu wao alirekodi kwa alichokuwa nacho. Meno, kidole, kahawa yenye damu, sengu nzima ikirushiana maharage, yote kwa ajili ya mtu mmoja mwenye betri mbovu. Nilikasirika mpaka nikapiga ukuta wa fundi wa watu.

Baba sikuwahi kumwambia, alikuwa amezidiwa. Tulipokwisha kuanua matanga nilimkuta mjomba peke yake uani, ameketi karibu na mkeka wa kahawa ya mwisho wa mwaka uliopita, fimbo kati ya magoti. Nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza wimbo wa baba mpaka mwisho, fimbo ikigonga saba, saba, saba.

"Ni nani huyu?" akauliza.

"Ndiye wa baba, mjomba. Na ndiye wako pia. Ni mtu mmoja."

Fimbo ilinipiga kwenye muundi kabla sijaiona, na simu ikarukia mkekani.

"Nimempiga naye amenipiga maisha yangu yote," akasema, "leo wewe unifundishe kumjua? Huyo si wa baba yako. Wa baba yako alikuwa mnene wa sauti kuliko huyo. Huyo hamfikii. Hamfikii hata kidogo."

Nilisimama nikisugua mguu. Maneno hayo baba aliyasubiri tangu ujana wake, akavunjwa kidole kwa ajili yake, akafa hajayasikia. Na mwimbaji aliyekuwa akisifiwa hakuwa ndani ya kanda yoyote. Kanda ile mama aliitwanga mimi nikiwa mtoto. Sauti aliyoikumbuka mjomba ni ya baba mwenyewe, akipiga meza. Utoto wangu wote niliamini watu wale wawili wanachukiana. Milima yote hii na ufuko wote ule, hakuna mwingine aliyeujua wimbo ule, na mmoja wao alikuwa amebaki peke yake nao.

Mjomba akaanza kugonga tena, akiimba. Hakupanda juu kwenye sauti yake. Alishuka kwenye sauti ya baba, chini kabisa, hewa ikipiga miluzi kwenye mapengo ya meno niliyoyaokota mimi.

Jikoni, mlio wa mchi ukakatika.

"Nani anaimba?" mama akauliza.